Kesi ya nyumba ya 2019 na kazi mpya ya hospitali: mwajiri ataona nini?

Swali: Nilifika Columbus, Ohio, mwaka 2016 nikitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Mwaka 2019 ghala nililokuwa nikifanyia kazi lilitupunguzia saa, nikashindwa kodi ya nyumba ya miezi miwili, mwenye nyumba akanishtaki. Siku ya mahakama niliogopa, sikwenda. Walipobandika karatasi nyekundu mlangoni nikahamia kwa dada yangu pamoja na watoto, na tangu hapo sikusikia tena habari ya ile kesi. Sasa hospitali imenikubali kwa kazi ya kuhudumia wagonjwa wodini, ila nimesaini karatasi ya kuwaruhusu wachunguze historia yangu. Usingizi sipati. Je, wataiona ile kesi? Niwaambie kabla hawajaiona? Kuna mtu amenishauri kwenye fomu nisiandike ile anwani ya zamani, niandike ya dada. Naomba msaada wako.

Jibu:

Dada yangu, pole na hongera kwa pamoja. Nianze na jibu lenyewe, maana najua ndilo unalolisubiri. Kwa kazi uliyoitaja, uwezekano wa hospitali kuiona kesi ile ni mdogo. Hata wakiiona, kufukuzwa nyumba si kosa la jinai, na hakuna sheria ya Ohio inayomzuia mtu kuhudumia wagonjwa kwa sababu aliwahi kushindwa kodi. Kwenda kuwaambia kabla hawajakuuliza, hakuna haja. Anwani usiifiche hata kidogo, nitakueleza kwa nini. Lakini kuna sentensi moja kwenye barua yako iliyonishtua kuliko huo ukaguzi unaokunyima usingizi: ile uliyosema kwamba tangu uhame hukusikia tena habari ya kesi. Hiyo nitaikalia kwa muda.

Kwanza tuone hospitali inatafuta nini. Watu wengi wa jamii yetu huamini kwamba serikali ya Marekani ina faili moja kubwa la kila mtu, na mwajiri akibonyeza jina lako linafunguka lote: madeni, kesi, nyumba, hospitali, shule. Faili la namna hiyo halipo. Mwajiri hulipa kampuni binafsi kama HireRight, Checkr au First Advantage, na huchagua vipengele anavyovitaka. Kila kipengele kina bei yake, kwa hiyo huagiza kile tu kinachohusiana na kazi. Kwa mtu wa kuhudumia wagonjwa, wanachoagiza ni rekodi za jinai katika kaunti ulizoishi, uthibitisho wa kazi zako za nyuma na masomo, orodha ya jimbo ya wahudumu wa wagonjwa ili waone kama umewahi kuthibitishwa kumtesa au kumwibia mgonjwa, na orodha ya serikali ya shirikisho ya watu waliozuiwa kufanya kazi zinazolipiwa na Medicare na Medicaid, bima za afya za serikali. Halafu kuna kipimo cha dawa za kulevya na kile cha kifua kikuu.

Ohio huongeza alama za vidole. Utaziweka kwenye mashine, zitatumwa ofisi ya upelelezi wa jinai ya jimbo, BCI, na kwa mtu ambaye hajatimiza miaka 5 ya kuishi Ohio hutumwa pia FBI. Alama za vidole hutoa historia ya kukamatwa na kutiwa hatiani. Kesi ya nyumba haimo humo, kwa sababu hakuna aliyekuchukua alama za vidole mwaka 2019. Yule ofisa wa mahakama aliyebandika karatasi nyekundu alikuja kumrudishia mwenye nyumba nyumba yake. Hakuja kukukamata. Kwa hiyo fomu ikikuuliza kama umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani kwa kosa lolote, na hakuna jingine zaidi ya hili, andika hapana kwa moyo mweupe. Huo ndio ukweli wa kisheria.

Basi kesi ile imekaa wapi? Imekaa kwenye mahakama ya manispaa ya kaunti ya Franklin, upande wa madai, na namba yake ina herufi CVG katikati, baada ya mwaka. Yeyote mwenye intaneti anaweza kuifungua kwenye tovuti ya karani wa mahakama bila kulipa. Kampuni zinazowauzia wenye nyumba ripoti za wapangaji huchota rekodi hizo kwa wingi na kuziweka kwenye hifadhi zao. Kabla ya korona, kwa hesabu za maabara ya chuo kikuu cha Princeton inayofuatilia jambo hili, kesi za aina hiyo zilikuwa zikifunguliwa karibu milioni 3.6 kwa mwaka Marekani nzima, kwa hiyo ni biashara kubwa. Lakini wateja wa biashara hiyo ni wenye nyumba. Ndiyo maana mtu aliyefukuzwa nyumba huteseka sana akitafuta nyumba nyingine, na huajiriwa kama kawaida.

Mwajiri akitaka kweli, anaweza kuagiza pia rekodi za kesi za madai. Sheria haimkatazi. Kipengele hicho huagizwa zaidi kwa wakurugenzi, wahasibu wakubwa na watu watakaoshika fedha za wengine. Na hapo sheria ya shirikisho ya ripoti za wateja ya mwaka 1970, ile inayoitwa FCRA, imeweka mpaka: kampuni ya ukaguzi hairuhusiwi kuripoti kesi ya madai au hukumu ya madai iliyozidi miaka 7, isipokuwa muda wa kisheria wa dai hilo uwe mrefu zaidi. Mpaka huo hauwahusu wanaoomba kazi yenye mshahara wa dola 75,000 kwa mwaka au zaidi. Kama kesi yako ilifunguliwa Oktoba 2019, miaka 7 inatimia Oktoba 2026. Kumbuka mpaka huo unaifunga kampuni inayouza ripoti, hauifungi mahakama. Jalada lenyewe hubaki pale pale kwenye tovuti ya karani mpaka hakimu aamuru vingine.

Sasa nirudi kwenye ile sentensi.

Ohio, mwenye nyumba akifungua kesi ya kukutoa, mara nyingi hati ya madai huwa na mambo mawili ndani yake. La kwanza ni kurudishiwa nyumba. Hilo husikilizwa haraka, ndilo la ile siku uliyoogopa kwenda, na kwa kuwa hukwenda karibu ni hakika kwamba alishinda. La pili ni fedha: kodi iliyobaki, adhabu za kuchelewa, na chochote atakachodai kiliharibika. Hilo la pili halisikilizwi siku ile. Mpangaji hupewa siku 28 za kujibu kwa maandishi, na asipojibu, mwenye nyumba anaweza kuomba hukumu bila kuulizwa mengi. Mtu ameshahama, barua zinakwenda nyumba ambayo hayupo, naye anaamini kwamba kwa kutoa vitu vyake na kurudisha ufunguo mambo yamekwisha. Miezi michache baadaye kuna hukumu ya fedha yenye jina lake, na yeye hana habari.

Nimeona hili kwa watu wetu mara nyingi mno, na linaniuma kila mara, kwa sababu kiasi kinachodaiwa hakilingani na kodi iliyoshindikana. Unakuta kodi ya miezi miwili, halafu zulia zima limebadilishwa kwa gharama ya mpangaji, rangi ya kuta, kusafisha jiko, na kodi ya mwezi ambao nyumba ilikaa tupu. Hakuna aliyepinga, basi vyote vimepita.

Deni hilo ndilo linaloweza kukufuata kazini, na halipiti kwenye ukaguzi wa historia. Hupitia ofisi ya mishahara. Mwenye hukumu ya fedha anaweza kuiomba mahakama imwamuru mwajiri wako akate sehemu ya mshahara na kuipeleka mahakamani mpaka deni liishe. Sheria ya shirikisho inaweka kikomo: asilimia 25 ya mshahara unaobaki baada ya makato ya lazima, au kile kinachozidi dola 217.50 kwa wiki, kiasi kidogo kati ya hivyo viwili. Ukibakiwa na dola 600 kwa wiki, wanaweza kuchukua 150. Kwa mama mwenye watoto hiyo ni chakula cha wiki. Na hivyo ndivyo hospitali itakavyojua habari za nyumba ya 2019: karani wa mishahara atapokea amri yenye jina la mwenye nyumba wako wa zamani juu yake.

Sheria hiyo hiyo inamkataza mwajiri kukufukuza kwa sababu ya makato ya deni moja. Hilo ulijue na ulishike. Na Ohio inamtaka mdai akutumie kwanza barua ya kukutaka ulipe, angalau siku 15 kabla ya kuomba makato. Shida ni kwamba barua huenda kwenye anwani ya mwisho wanayoijua. Hukumu ikikaa miaka 5 bila kutekelezwa, Ohio huihesabu kuwa imelala, lakini mdai anaweza kurudi mahakamani kuomba iamshwe. Kwa hiyo usihesabu miaka ukadhani deni limekufa lenyewe. Majimbo mengine yako tofauti kabisa. Texas, kwa mfano, haikati mshahara kwa deni la kawaida kama hili, wakati Pennsylvania, ambayo kwa madeni mengi nayo hukataa, huruhusu kwa deni la kodi ya nyumba. Anayesoma haya akiwa nje ya Ohio aulize kwanza sheria ya pale alipo.

Njia nyingine ya deni kuonekana ni ripoti ya mikopo, yaani rekodi ya jinsi mtu anavyokopa na kulipa. Kufukuzwa nyumba kwenyewe hakuandikwi kwenye ripoti za Equifax, Experian na TransUnion, na tangu Julai 2017 kampuni hizo tatu ziliondoa pia karibu hukumu zote za madai, kwa sababu rekodi za mahakama hazikuwa na utambulisho wa kutosha wa mtu. Kinachobaki ni deni lililouzwa au kukabidhiwa kwa wakusanya madeni. Hilo linaweza kukaa kwenye ripoti miaka 7 tangu uliposhindwa kulipa, na kulilipa leo hakuanzishi hesabu ya miaka upya. Hospitali haina sababu ya kuagiza ripoti ya mikopo ya mhudumu wa wodi. Hata mwajiri anayeiagiza hapewi ile alama ya tarakimu tatu ambayo benki huiangalia. Isitoshe, majimbo kama Illinois, Washington, Oregon, Colorado, California na Maryland yamewabana waajiri kutumia ripoti hiyo isipokuwa kwa kazi maalumu. Ohio haimo kwenye orodha hiyo.

Kitu cha kufanya wiki hii, basi, ni kulitazama jalada lako. Ingia kwenye tovuti ya karani wa mahakama ya manispaa ya Franklin, weka jina lako, jaribu namna zote lilivyowahi kuandikwa, na utafute namba yenye CVG ya mwaka 2019. Shuka mpaka mwisho wa orodha ya matukio. Ukikuta dai la pili limeandikwa “dismissed”, limefutwa, pumua. Ukikuta “judgment” na kiasi cha dola, ndiyo hiyo hukumu ninayoizungumza. Usiku ukiwa na watoto si wakati wa kusoma Kiingereza cha mahakama. Nenda mchana kwenye kituo cha mahakama hiyo cha kuwasaidia wasio na wakili, kipo katika jengo la mahakama, huduma yake ni bure, na uombe mkalimani wa Kiswahili. Usimtumie mwanao kutafsiri. Mtoto wa miaka 13 hapaswi kubeba habari hizi, na maneno ya sheria yatampita.

Kama hukumu ya fedha ipo, usikimbilie kulipa namba yoyote utakayotajiwa kwenye simu. Akikupigia mkusanya madeni, mwombe akutumie kwa maandishi deni ni la nani, la kiasi gani, na limehesabiwaje. Ukimwandikia ndani ya siku 30 tangu upate maelezo yake ya kwanza, sheria inamlazimu asimame kudai mpaka akuthibitishie. Zungumza na wakili wa msaada wa kisheria uone kama hukumu inaweza kupingwa, hasa kama hati za kesi hazikukufikia. Na ukiamua kukubaliana na mdai, makubaliano yawe kwenye karatasi kabla dola ya kwanza haijatoka. Wadai wengi hukubali kiasi pungufu kikilipwa kwa mkupuo, lakini makubaliano ya mdomo hayana shahidi.

Nije sasa kwenye jambo ambalo hukuliuliza, na ambalo kwa ukaguzi wa kazi naliona kubwa kuliko kesi ya nyumba. Wengi waliopitia kambini wameandikiwa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa. Majina nayo yamegeuzwa: la ukoo limekuwa la kwanza, la babu limekuwa la katikati, herufi moja imeongezwa uwanja wa ndege. Ukiwa na jina linalobebwa na mamia ya watu kutoka Kivu au Katanga, na tarehe ya kuzaliwa mliyopewa wengi, kampuni ya ukaguzi inaweza kukubandikia kesi ya mtu mwingine, tena ya jinai. Kesi za nyumba ni mbaya zaidi kwa hilo, kwa sababu kwa kawaida jalada lina jina na anwani tu, bila tarehe ya kuzaliwa wala namba ya Social Security. Watafiti waliochunguza rekodi za mahakama za majimbo 12 walikuta kwamba kwa wastani asilimia 22 ya rekodi za kufukuzwa nyumba zina utata, au zinaeleza historia ya mpangaji isivyokuwa. Mwaka 2023 kampuni tanzu ya TransUnion inayouza ripoti za wapangaji ilikubali kulipa dola milioni 15 baada ya mashirika mawili ya serikali, FTC na CFPB, kuituhumu kwamba haikuhakikisha usahihi wa rekodi za kufukuzwa nyumba.

Kwa hiyo jina kwenye fomu ya hospitali liandike herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kadi yako ya Social Security. Kama umewahi kutumia mpangilio mwingine wa majina, liandike nalo pale wanapouliza majina mengine.

Na hapo ndipo ninapokuambia uache kabisa ushauri wa anwani. Kampuni za ukaguzi huanza kwa kufuatilia namba yako ya Social Security, na ufuatiliaji huo huleta anwani ulizowahi kutumia kwenye simu, bima, benki na gari. Ile ya 2019 itakuwemo. Ukiiruka, hutakuwa umeficha kitu, utakuwa umezua tofauti kati ya fomu yako na rekodi, na tofauti ndiyo inayowafanya waulize. Mbaya zaidi, chini ya fomu umesaini kwamba yote uliyoandika ni kweli. Kodi ya miezi miwili haiwezi kukufukuzisha kazi hiyo. Uongo kwenye fomu unaweza, hata ukigunduliwa baada ya miaka mitatu kazini. Aliyekupa ushauri huo bila shaka anakupenda, lakini amekuelekeza kwenye hatari ambayo sasa huna.

Umeuliza kama uwaambie mwenyewe. Nimesema hakuna haja, kwa sababu ukimpelekea mwajiri habari ambayo hakuiomba unampa mzigo wa kuifikiria. Akiuliza waziwazi, kwa mfano kama umewahi kuwa upande wowote katika kesi ya madai, jibu ndiyo, na uwe na maelezo mafupi tayari: “Mwaka 2019 ghala lilitupunguzia saa, nikachelewa kodi ya nyumba, nikahama. Tangu hapo nimelipa kodi yangu kwa wakati.” Basi, nyamaza hapo. Usilie, usimlaumu mwenye nyumba, usisimulie habari ya dada na watoto. Wanaohoji watu kila siku wameshasikia mambo mazito kuliko hayo.

Na kama ripoti itatoka na jambo baya, lako au la mtu mwingine, una haki ambazo wengi wetu huzipoteza kwa kutupa bahasha. Ile ruhusa uliyosaini ilipaswa kutanguliwa na taarifa iliyoandikwa kwenye karatasi yake yenyewe, isiyochanganywa na fomu ya kazi. Omba nakala zake. Kabla hospitali haijakunyima kazi kwa sababu ya ripoti, inalazimika kukutumia nakala ya ripoti hiyo pamoja na muhtasari wa haki zako, ili upate nafasi ya kusema. Sheria haitaji idadi ya siku za kusubiri, na waajiri wengi hutoa siku tano hivi za kazi, kwa hiyo barua pepe zako zifungue kila siku, na folda ya taka pia. Ukiona kosa, siku hiyo hiyo iandikie kampuni ya ukaguzi ukiwaeleza kosa ni lipi na ukiambatanisha ushahidi, halafu mwambie mtu wa ajira wa hospitali kwamba umepinga. Kampuni ina siku 30 za kuchunguza, na mara nyingine huongezewa 15, bila kukutoza kitu. Wakikunyima kazi hata hivyo, lazima wakupe jina na mawasiliano ya kampuni iliyotoa ripoti, nawe una siku 60 za kuidai nakala yako bure.

Kwa wasomaji wengine wenye hali kama hii ila kazi tofauti, niseme maneno machache. Dereva wa lori ataangaliwa rekodi ya barabarani na ya vipimo vya dawa za kulevya, na wa ghala ataangaliwa jinai. Nyumba haiwahusu. Anayetaka kuuza hisa au uwekezaji atajaza fomu U4 ya FINRA, chombo kinachowasimamia wauza hisa, na humo kuna swali kuhusu hukumu za fedha ambazo hazijalipwa, kwa hiyo alipe kwanza. Anayetaka kuwa meneja wa majengo ya kupangisha, hasa akipewa na chumba cha kuishi pale pale, atarajie kukaguliwa kama mpangaji. Na kijana anayetafuta kibali cha usalama cha serikali, jeshini au kwa mkandarasi, atajaza fomu SF-86. Sehemu ya 28 inauliza kesi za madai za miaka 10 iliyopita, si 7. Huko kesi yenyewe haimwangushi mtu kirahisi, wanachokipima ni kama alilipa, na kama alisema kweli.

Kuhusu kuiondoa kesi machoni pa watu, majimbo yametofautiana sana. Minnesota, ambako jamii ya Waafrika Mashariki ni kubwa, ilibadilisha sheria yake kuanzia Januari 2024, na sasa mpangaji anaweza kuomba jalada lifutwe pale miaka 3 inapopita tangu amri ya kumtoa. California hulificha jalada tangu mwanzo, isipokuwa mwenye nyumba ashinde ndani ya siku 60. Hapo Ohio mambo yako mikononi mwa mahakama moja moja. Mahakama ya nyumba ya Cleveland ina kanuni yake ya kuomba jalada lifungwe. Wewe uliza kituo cha msaada nilichokutajia kama hakimu wa Columbus anaweza kupokea ombi kama hilo, na anataka kuona nini. Swali la kwanza atakaloliuliza, karibu popote, ni kama deni limelipwa. Na hii kazi ya hospitali ukiipata, kama ninavyotarajia, mwakani utataka nyumba karibu na kazini, na hapo mwenye nyumba ataagiza ripoti ileile ambayo hospitali haikuiagiza.

Ukishalipa, mdai anatakiwa kupeleka mahakamani hati ya kuonyesha kwamba hukumu imetimizwa. Wengi hawapeleki mpaka wasumbuliwe, na karani hawezi kuandika kitu ambacho hakijaletwa, kwa hiyo rudi kwenye tovuti baada ya wiki mbili uhakikishe imeingia. Ukiipata namba ya kesi na maneno ya mwisho kwenye jalada, niandikie tena kabla hujamlipa mtu yeyote.